Jenga Ghala, Umlinde Jirani

Mazungumzo ya redio
Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:8, Luka 12:13–21, Luka 13:1–5

  Wewe uliye jikoni ukipepeta kunde, wewe uliye njiani kutoka kisimani na punda wako, na wewe mgonjwa uliyelala huku redio iko karibu nawe, karibuni tukae pamoja kwa dakika chache.

Leo tunataka kuzungumza juu ya ghala la nafaka. Pengine mmoja wenu anasema, "Hayo ni mambo ya afisa wa kilimo. Sisi twataka Neno la Mungu." Ndugu yetu, vumilia kidogo. Neno la Mungu halikuona haya kuingia katika kazi ya fundi. Fungua Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, mstari wa 8. Hapo Musa anawapa Waisraeli amri juu ya ujenzi. Nyumba zao zilikuwa na paa la sawasawa, na watu walipanda juu yake kupumzika, kuanika mazao na kuomba. Basi wakaagizwa kwamba mtu ajengapo nyumba mpya auzungushie ukingo upande wa juu, ili mtu asianguke kutoka pale na damu yake ikahesabiwa juu ya nyumba ile.

Iangalieni vizuri amri hii. Haimsemi mwizi wala muuaji. Yamsema mtu mwema, aliyejenga kwake, kwa mali yake, ila hakuufikiri mguu wa mgeni wake. Mtu huyo hawezi kujitetea mbele za Mungu akisema, "Mimi sikumsukuma." Siku alipopanga nyumba yake ndiyo siku aliyopaswa kumfikiri jirani.

Sisi tunaosema nanyi ni mume na mke, wakulima wa Makueni, si mbali na mto Athi. Ukivuka mto, uko Kitui. Tunalitumikia kanisa letu kama wazee. Tunataka kuwaeleza jinsi tulivyojifunza amri hii ya ukingo, maana tuliijifunza kwa kuchelewa, na kwa aibu.

Mavuno ya mwaka 2004

Ninyi mnaokaa Ukambani mnajua kwamba mvua tunayoitegemea zaidi ni ile ya vuli, ya Oktoba hadi Desemba. Mahindi yake huvunwa mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Msimu ule wa kuelekea 2004 ulikuwa mbaya. Mahindi yaliteswa na jua yakiwa bado shambani, kisha wakati wa kuvuna, mawingu yakarudi na mvua ikanyesha kabla ya wakati wake.

Tulikuwa na ghala la zamani, lile ambalo kwa Kikamba twaliita ikumbi. Lakini mchwa walikuwa wamekula nguzo zake mbili, nalo lilikuwa limeinama kama mzee aliyechoka. Kila mwaka tulisema, "Tutalijenga upya baada ya mavuno." Sasa mavuno yalikuwa yamefika, na mvua iko mlangoni. Tena njaa ilikuwa nyingi, na tulisikia habari za watu walioibiwa mahindi usiku. Basi tukavuna haraka, mahindi yakiwa bado na maji, tukayapukuchua na kuyatia katika magunia manane. Tukayapanga chumbani mwetu juu ya sakafu ya udongo, karibu na kitanda, tukafunga dirisha.

Usiku ule tulilala tukiwa na furaha. Mlango umefungwa, chakula kiko ndani. Tulikuwa kama yule tajiri wa Luka mlango wa 12, aliyeiambia nafsi yake ipumzike. Ila yeye angalau alipanga kujenga ghala, nasi hata ghala hatukuwa nalo.

Baada ya majuma machache tulianza kusikia harufu. Tulipotia mkono ndani ya gunia, tuliona joto, kana kwamba kitu chenye uhai kimelala mle. Tukamwaga mahindi juu ya turubai. Mengine yalikuwa safi, mengine yalikuwa na ukungu wa rangi ya kijani na manjano. Tukakaa chini tukayachagua siku nzima. Yaliyo safi tukayaweka upande wetu. Yaliyobadilika rangi yakajaa magunia mawili.

Ndugu na dada, hapa ndipo tunapoona haya kuendelea, lakini tuliahidi kusema kweli. Mfanyabiashara mmoja alikuwa akipita vijijini akinunua mahindi. Tulimwuzia yale magunia mawili. Na juu ya kila gunia, mdomoni, tulitandaza mahindi mazuri kilo chache, ili akifungua aone uzuri. Yeye hakuuliza, nasi hatukusema. Pesa zile tulizilipa karo ya mtoto wetu wa sekondari. Jumapili iliyofuata tukatoa fungu la kumi la pesa zile, tukaimba pamoja na watu wote.

Habari zilizokuja kwa redio

Mwezi wa Aprili mwaka ule wagonjwa walianza kufika hospitalini Makueni na Kitui. Macho yao yalikuwa ya manjano, matumbo yao yamevimba, na wengi walikufa upesi. Kwanza watu walisema ni homa fulani, wengine wakasema ni uchawi. Kisha madaktari wakapata chanzo chake: ni sumu itokanayo na ukungu wa mahindi, iitwayo aflatoksini, ambayo ndugu zetu wa Tanzania wanaiita sumukuvu. Sumu hiyo huharibu ini. Kufikia mwezi wa Julai 2004, watu 317 walikuwa wamehesabiwa kuwa wagonjwa, na 125 kati yao walikuwa wamekufa. Wengi walikuwa wa Makueni na Kitui, ambazo wakati huo zilikuwa wilaya na leo ni kaunti. Wengine walikuwa wa Machakos na Thika.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa na Makueni ndani yake, watu 20 waliugua kwa sumu hiyo hiyo, na 12 wakafa. Somo lilikuwa limekwisha kutolewa, lakini sisi tulikuwa tumelisahau.

Tulisikia habari hizo jioni, kwa redio, tukiwa mezani. Tulitazamana. Hakuna aliyemaliza chakula chake. Asubuhi tulikwenda kwa miguu mpaka sokoni kumtafuta yule mfanyabiashara. Tulimpata. Gunia moja lilikuwa bado limesimama kwenye kibanda chake. Tukamrudishia pesa zake tukalichukua. Tukamwuliza la pili. Akasema, "Hilo niliuza lote, kwa gorogoro." Ninyi mnajua gorogoro, mkebe wa kilo mbili. Gunia la kilo 90 ni gorogoro 45. Huenda nyumba 45 zilipika mahindi yetu. Tulimwuliza ni akina nani walionunua. Akatujibu, "Baba, mama, watu wa sokoni ni wengi. Nitawajuaje?"

Mpaka leo hatujui. Labda hakuna aliyeumia. Labda yuko aliyeumia. Wataalamu waliopima mahindi ya masokoni mwaka ule walikuta zaidi ya nusu ya sampuli zina sumu kupita kiasi kilichoruhusiwa. Kwa hiyo hakuna awezaye kusema sumu fulani ilitoka gunia fulani. Sheria ya nchi haikutuita. Lakini mstari ule wa Kumbukumbu la Torati ulituita kwa majina yetu. Nyumba yetu haikuwa na ukingo, na watu walikuwa wakipita juu yake.

Tena msidhani tunasema kwamba waliokufa walikuwa wenye dhambi, nasi tuliopona tulikuwa wema. Katika Luka mlango wa 13, Bwana Yesu alisema juu ya watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Alikana kabisa kwamba walikuwa wabaya kuliko wengine, akawageukia walio hai akawaita watubu. Sisi ndio tuliokuwa hai. Wito ulikuwa wetu.

Yale tuliyofundishwa

Wataalamu wa Wizara ya Afya, pamoja na wenzao kutoka Marekani, walikwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza maswali. Waliona kwamba waliougua walielekea zaidi kuwa watu walioweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba ya kulala badala ya ghalani. Tuliposikia hayo tulimkumbuka nyanya yetu, ambaye sisi Wakamba twamwita Susu. Tulipokuwa tumeoana karibuni tulimwuliza, "Susu, mbona ikumbi lako liko nje peke yake, na nyumba ina nafasi?" Alicheka, akasema, "Wajukuu wangu, nyumba ni ya watu, ina moshi na pumzi na maji ya kunawa. Mahindi yanataka upepo." Susu hakusoma shule, lakini alikuwa na maarifa tuliyoyadharau kwa sababu hayakuandikwa kitabuni.

Basi tulijenga. Tunataka kuwaeleza jinsi tulivyopanga, maana huenda wewe unayesikiliza unasema kama tulivyosema sisi, "Nitajenga baada ya mavuno."

Jambo la kwanza, tulijenga kabla ya mavuno, mahindi yakiwa bado machanga shambani. Ghala linalojengwa siku ya mvua si ghala, ni hofu iliyopigiliwa misumari.

Pili, tulipiga hesabu. Bwana Yesu mwenyewe alisema juu ya mtu akaaye kwanza kuhesabu gharama kabla ya kujenga. Tuko sita nyumbani, na mtu mmoja hula kama gunia moja la mahindi kwa mwaka. Hayo ni sita. Tuliongeza kwa sababu mvua zetu hukosa, na msimu mmoja unaweza kulazimika kulisha misimu miwili. Tuliongeza pia mtama, kunde, mbaazi na pojo. Tukafika magunia 15. Mita moja ya ujazo hubeba kama magunia 8 ya punje, lakini mahindi yakiwa bado kwenye magunzi yataka nafasi mara mbili au zaidi. Tena lazima mtu apate nafasi ya kuingia, kutazama na kugeuza. Kwa hiyo tulipanga ghala la urefu wa mita 2, upana wa mita moja na nusu, na kimo cha mita 2.

Tatu, mahali. Tulichagua mahali palipoinuka kidogo, maji ya mvua yasipotuama, mbali na zizi la ng'ombe, wala si chini ya mti, maana panya hupita juu ya tawi kama sisi tupitavyo darajani. Upande mrefu tuliuelekeza kunakotoka upepo. Lakini hatukuliweka mbali na macho. Kilichotufanya tuingize mahindi chumbani ni hofu ya wezi, na hofu hiyo si ya kuchekwa. Basi ghala letu laonekana kutoka mlango wa nyumba, na lina mlango mzuri na kufuli.

Nne, nguzo. Tulitumia mukau na muuku, miti yetu ya huku Kitui na Makueni, ambayo mchwa hawaipendi upesi. Tulichimba mashimo ya nusu mita na zaidi, tukainua sakafu kama mita moja kutoka chini. Katika kila nguzo, chini kidogo ya sakafu, tulifunga kipande cha bati kuukuu kilichokunjwa kama faneli iliyogeuzwa. Panya hupanda nguzo, akifika pale hukuta paa juu ya kichwa chake, hurudi chini. Na ngazi hatuiachi ikiegemea ghala. Tungempa panya lile tulilomnyima.

Tano, sakafu na kuta. Sakafu ni ya mbao zilizoachana kidogo. Kuta ni za fito, nazo zimeachana, ili upepo uingie upande mmoja na kutoka upande wa pili. Wengine hupenda kuzikandika udongo kote. Hiyo yafaa ikiwa punje zimekauka kabisa kabla ya kuingia. Bali mahindi yaliyo kwenye magunzi, yanayoendelea kukauka, yataka upepo. Paa tulilitokeza nje ya kuta kama nusu mita kila upande, ili mvua ya upepo isipige ndani. Wengine huezeka kwa nyasi, wengine kwa bati. Lililo muhimu ni kwamba lisivuje hata tone.

Sasa sikilizeni jambo kubwa kuliko yote hayo. Ghala halikaushi mahindi yaliyoingia mabichi ndani ya magunia, wala haliponyi mahindi yaliyoingia yameoza. Ghala hutunza kile tu ulichokiingiza. Ukungu ule huishi udongoni, na huanza kazi yake shambani, hasa mahindi yakiteswa na ukame. Siku hizi iko hata dawa iitwayo Aflasafe, iliyoandikishwa nchini Kenya mwaka 2015, inayotumia ukungu wa jamii hiyo hiyo usio na sumu ili kuusukuma nje ule wenye sumu. Huwekwa shambani kabla mahindi hayajachanua. Afisa wa kilimo atakueleza. Lakini hata ukiitumia, usitupe mahindi juu ya udongo mtupu wakati wa kuvuna. Yaanike juu ya turubai. Ondoa yaliyovunjika, yaliyotobolewa na wadudu na yaliyobadilika rangi. Kisha yakaushe mpaka unyevu uwe asilimia 13 na nusu au chini yake.

Utajuaje, nawe huna chombo cha kupimia? Chukua chupa kavu yenye kifuniko. Tia chumvi kavu kidogo, kisha mahindi mpaka yafike theluthi moja ya chupa. Tikisa kwa dakika chache, uiache itulie kama robo saa. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi yana maji mengi bado, rudi ukaanike. Isiposhika, umekaribia, ongeza siku nyingine ya jua ili uwe na hakika.

Yako pia magunia mapya yasiyopitisha hewa, yaliyo na mifuko ya ndani ya plastiki. Fukusi na dumuzi hufa ndani yake kwa kukosa hewa. Dumuzi huyu si mdudu wa zamani kwetu. Alionekana Kenya upande wa Taveta mwaka 1983, naye hutoboa mahindi na hata mbao za ghala lenyewe. Magunia hayo ni msaada mkubwa. Lakini hayo nayo hayamsaidii mtu anayefungia maji ndani. Kwanza kausha.

Na yale mahindi mabaya? Hayafai kwa mtu. Sumu ile haiondoki kwa kuoshwa, wala haifi kwa kupikwa. Usimpe ng'ombe wa maziwa, maana hupita ikaingia katika maziwa anywayo mtoto. Usiwape kuku wala mbwa. Usimpe mpika pombe. Na zaidi ya yote, usiyauze. Sisi gunia lile tulilolirudisha kutoka sokoni tulilizika katika shimo refu, watoto wetu wakitazama, tukawaambia sababu.

Tajiri na Yusufu

Wapendwa, tumewaleta mbali katika mambo ya nguzo na bati. Sasa turudi kwa yule tajiri wa Luka. Watu wengi husoma mfano ule wakadhani Mungu anachukia maghala. Sivyo. Katika Mwanzo mlango wa 41, Yusufu alijenga akiba kubwa Misri, akakusanya sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba, na Biblia yaihesabu kazi hiyo kuwa hekima itokayo kwa Mungu. Tofauti iko wapi? Someni tena maneno ya tajiri. Anasema na nafsi yake tu. Mavuno yangu, ghala langu, nafaka yangu. Katika mpango wake wote hayumo mtu mwingine hata mmoja. Yusufu alipopanga ghala, aliona mbele yake nyuso za watu wenye njaa, hata wa nchi nyingine, hata za ndugu zake waliomwuza.

Nasi twakuuliza, katika mpango wa ghala lako, nani yumo?

Sisi tulipomaliza ghala letu, dhamiri haikutulia. Tuliona kwamba tumejiwekea ukingo sisi wenyewe tu. Palikuwa na mama mmoja mjane, jirani yetu, ambaye magunia yake yalikuwa bado chini ya kitanda. Hakuwa na mtoto wa kumchimbia mashimo. Tukaita mwethya, ile desturi yetu njema ya Wakamba ya kufanya kazi kwa pamoja. Vijana wa kanisa walileta fito, akina mama walileta maji na chakula, fundi mmoja akatoa siku mbili bila malipo. Siku ya tatu yule mama alipanda ngazi akaingia ndani ya ghala lake, akasimama kimya. Kisha akatuambia, "Usiku nilikuwa nalala juu ya chakula changu kama kuku juu ya mayai. Leo nitalala juu ya kitanda."

Siku hiyo ndipo tulipopata nguvu ya kusimama mbele ya kanisa na kuungama habari ya magunia mawili. Tulidhani watatuondoa katika uzee. Wengine walikasirika, na walikuwa na haki. Mzee mmoja alilia, kwa kuwa alikuwa amezika mjukuu mwaka ule. Hatukuwa na neno la kumwambia. Yeye mwenyewe alikuja baada ya ibada, akatushika mikono, akasema, "Siwajui waliomwuzia mwanangu mahindi. Huenda nao hawajui. Mwendelee kujenga."

Hayo ndiyo tuliyofanya. Zakayo alipotubu aliweza kuwarudishia wale aliowadhulumu, maana aliwajua. Sisi hatuwajui wetu. Basi twalilipa deni letu kwa jirani aliye mbele ya macho yetu. Msamaha hatukuununua kwa nguzo wala bati. Huo ulinunuliwa kwa damu ya Yesu Kristo msalabani, naye hutoa bure. Lakini aliyesamehewa hawezi tena kujenga nyumba isiyo na ukingo.

Maneno ya mwisho

Ndugu msikilizaji, hatari ile haikuisha mwaka 2004. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo hiyo huko Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mvua zetu nazo hazifuati tena kalenda ya babu zetu. Kwa hiyo kabla hujalala leo, jiulize maswali matatu.

La kwanza, ghala langu liko tayari kabla ya mavuno, au nangoja siku ya mvua? La pili, je, ninauza nisichokubali kukila nyumbani kwangu? Sisi tumefanya kanuni moja nyumbani: kisichoingia katika sufuria yetu hakiingii katika gunia la soko. La tatu, ni jirani yupi asiye na nguvu ya kujenga, ambaye mwethya wetu ungeweza kumwinulia nguzo nne?

Wachungaji na wazee, msione haya kutangaza mambo haya baada ya mahubiri. Chupa ya chumvi yaweza kuonyeshwa mlangoni pa kanisa kwa muda usiozidi wimbo mmoja. Akina mama, ninyi ndio mnaofungua gunia kila siku. Mkisikia harufu, semeni, msinyamaze kwa kuogopa hasara. Hasara ya gunia hulipwa msimu ujao.

Tuombe.

Ee Mungu, Baba yetu, wewe ndiwe utupaye mvua na jua, na nafaka ni zako kabla hazijawa zetu. Utusamehe kwa yale tuliyoyaficha mdomoni mwa gunia. Uwafariji wale wote wa Kitui na Makueni ambao mezani pao pana nafasi iliyo wazi tangu mwaka ule. Utupe bidii ya kujenga kwa wakati, na moyo wa kumfikiri jirani tunapopiga msumari. Utulinde sisi na watoto wetu na kila alaye chakula kitokacho mikononi mwetu. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, wapendwa. Bwana awabariki.